Ng'ombe wa Chuma wa Bweranyange

  

Mwanzoni mwa mwaka 1876, Omukama, yaani mfalme, Rumanyika wa Karagwe alimpokea mgeni kwenye makao yake ya Bweranyange. Mgeni huyo alikuwa Henry Morton Stanley, yule yule mwandishi wa magazeti aliyemtafuta Livingstone hadi akamkuta Ujiji. Walizungumza sana habari za mito na maziwa, maana ndizo zilizomleta, na katika ugeni huo Stanley akaonyeshwa nyumba ya hazina ya mfalme. Aliyoyaona humo aliyaandika, na kitabu chake kikatoka mwaka 1878. Aliona mabata wa shaba ya manjano wenye mabawa ya shaba nyekundu. Aliona wanyama wengine aliowadhania kuwa pofu. Aliona ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Pamoja nao palikuwa na mundu za chuma zilizofuliwa vizuri, mikuki ya kila namna, mingine hata mpini wake ni chuma, na bunduki ambayo John Hanning Speke alimzawadia Rumanyika alipopita hapa miaka kumi na mitano hivi kabla yake.

Ng'ombe wasio na vichwa. Liweke hilo akilini, msikilizaji, tutalirudia.

Niliwaahidi kuzungumza juu ya sanamu za wanyama za Misri ya kale, na ahadi ni deni. Lakini nimeona nisiianze safari Cairo. Nimeianza Bweranyange kwa sababu kijana wa sekondari hapa Karagwe anaweza kukutajia piramidi, Sfinksi na mfalme Tutankhamun bila kusita, halafu ukimwuliza hazina ya Rumanyika ilikuwa na nini, anakutazama tu. Simlaumu. Kitabu cha historia kinamwambia kwamba Karagwe ilikuwa dola yenye mfalme na ng'ombe wengi, kisha kinahamia Buganda. Habari kwamba wahunzi wa Karagwe walichukua chuma na shaba wakatengeneza wanyama wanaosimama kwa miguu minne, hakuna aliyemwambia.

Basi twende Misri kwanza, tena kwa njia ya maji. Mto Kagera unakusanya maji ya Rwanda na Burundi, unashuka Rusumo, unapanda kaskazini ukitutenga na Rwanda, unazunguka Kyerwa hadi Murongo, kisha unageuka mashariki kwenda kumwaga Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Stanley aliuita Naili ya Alexandra, jina ambalo halikushika. Hata hivyo hakuwa amebahatisha vibaya, kwa kuwa maji hayo yakitoka ziwani kupitia Jinja yanakwenda Sudan, na kutoka Sudan yanapita mbele ya mahekalu yote makubwa ya Misri. Mvulana anayenywesha mbuzi Murongo amesimama kwenye mto ule ule.

Huko chini, watu wa Misri waliishi na wanyama kama sisi tunavyoishi nao, wengine kwa faida, wengine kwa hofu. Chukua kiboko. Mwananchi wa kando ya Kagera hahitaji kuelezwa kiboko ni nani. Anamjua kwa shamba lililokanyagwa usiku. Mmisri naye alimjua hivyo hivyo. Katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, kuna sanamu ndogo ya kiboko, urefu wake sentimita 20 hivi, ya kauri ya buluu inayong'aa. Ilitoka kwenye kaburi la bwana mmoja aitwaye Senbi, mahali panapoitwa Meir, na umri wake unakaribia miaka 3,900. Mwili mzima umechorwa mayungiyungi, ua na majani, kana kwamba dimbwi lenyewe limemvaa mnyama. Watalii wanampenda, naye anajulikana kwa jina la utani la William. Wengi wao hawajui kwamba miguu yake mitatu ni ya kubandika. Ile ya asili ilivunjwa, na wataalamu wanaona ilivunjwa makusudi kabla ya kuzikwa, ili kiboko huyo akiamka huko ahera asimdhuru marehemu.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kulielewa kuhusu sanamu za Misri. Aliyetengeneza hakutengeneza pambo la mezani. Alitengeneza kitu chenye nguvu, kitu kinachoweza kufanya kazi, na kama kazi yenyewe ni ya hatari, basi kinavunjwa miguu.

Jambo la pili ni ng'ombe. Mwaka 1906, huko Deir el-Bahari, ng'ambo ya mto kutoka Luxor, wachimbaji walikuta hekalu dogo lililochongwa mwambani, limejengwa na mfalme Thutmose wa Tatu. Ndani alisimama ng'ombe wa jiwe mwenye ukubwa wa ng'ombe kweli, rangi bado zipo. Huyo ni Hathor, mungu wa kike wa Wamisri, aliyechongwa kwa umbo la ng'ombe, na jua liko katikati ya pembe zake. Chini ya kidevu chake amesimama mfalme, Amenhotep wa Pili, kama mtu aliyejikinga. Ukizunguka ubavuni unamkuta mfalme kwa mara ya pili, safari hii ni mtoto, amepiga magoti chini ya kiwele, ananyonya.

Mfalme anayenyonya kwa ng'ombe. Mimi nikiona picha ile nawaza kikale, yaani ikulu, cha Rumanyika. Speke alifika Karagwe Novemba 1861, akakaa hadi Januari mwaka uliofuata, na moja ya mambo yaliyomshangaza ni maziwa. Aliandika kwamba wanawake wa nyumba ya mfalme walinyweshwa maziwa mchana kutwa, wakanenepa mpaka kusimama kukawa taabu, na ndio uliokuwa uzuri na heshima ya ukoo. Mmoja wao Speke alimpima mkono, kifua, paja, akaandika vipimo vyote kitabuni. Utovu wa adabu wa mgeni aliyekaribishwa vizuri, lakini tuuache. Kinachonihusu ni kwamba katika nchi zote mbili, mbali mbali, ufalme ulikuwa na harufu ya maziwa.

Sasa msikilizaji, hapa pana mtego, na wengi wamenasa. Mtu akiona Misri kuna ng'ombe wa pembe ndefu na mfalme, na Karagwe kuna ng'ombe wa pembe ndefu na mfalme, haraka haraka anasema: kumbe wa Karagwe walitoka Misri! Wapo wazee wetu wenyewe wanaosema hivyo leo, tena kwa fahari. Nawaomba radhi wazee wangu, lakini maneno hayo si ya babu zetu. Speke ndiye aliyemwambia Rumanyika kwamba ukoo wake ulitoka Uhabeshi. Mwaka 1863 akayachapisha mawazo hayo, kwamba watawala wa nchi hizi za maziwa makuu ni watu wa damu nyingine waliotoka kaskazini. Wazungu wengine wakalichukua wazo wakalinenepesha. Mwaka 1934 profesa wa Uingereza, Charles Seligman, alitoa kitabu kizima cha kulinganisha wafalme wa Misri na wafalme wa Afrika nyeusi, ambamo kila kizuri kilionekana kama mabaki ya Misri. Jirani zetu wa Rwanda na Burundi wanajua nadharia hiyo ilipowafikisha.

Jibu langu mimi huwa naliokota chini, kwenye udongo. Nenda Katuruka, kule Maruku, Bukoba Vijijini. Wahaya wa huko walisimulia kwamba mfalme wao Rugomora Mahe aliamuru ujengwe mnara wa chuma ufike mbinguni, na walionyesha mti mkubwa uitwao Kaiija kama mahali pa kumbukumbu hiyo. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alipochimba hapo kuanzia miaka ya 1970, akifuata maneno ya wazee, alikuta mabaki ya kazi ya chuma, na makaa yake yalipopimwa yalionyesha umri wa miaka 2,500 hivi. Wazee wenyewe, ambao walikuwa wameacha kuyeyusha chuma kwa muda mrefu kwa sababu ya majembe ya dukani, walijenga tanuri upya wakaonyesha jinsi kazi ilivyokuwa ikifanyika. Baadaye Andrew Reid na Rachel MacLean walichunguza hapa hapa Karagwe, wakaandika mwaka 1995 kuhusu uyeyushaji wa chuma na imani zilizouzunguka. Kwa hiyo nchi hii ya Kagera imeshika chuma tangu zamani sana.

Na Misri je? Misri haikuwa nchi ya chuma. Katika kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922, mfalme alikutwa na jambia la chuma, na uchunguzi umeonyesha chuma chake ni cha kimondo, jiwe lililoanguka kutoka angani. Kilikuwa kitu cha ajabu kwao, cha kumzikia mfalme. Sanamu za wanyama za Misri ni za jiwe, za mti, za kauri, na za shaba iliyochanganywa na bati. Wahunzi wa Karagwe hawakuwa na haja ya kwenda Misri kujifunza chuma. Huko hawangemkuta mwalimu.

Ngoja nieleze kidogo tofauti ya kazi zenyewe, kwa faida ya mafundi wanaonisikiliza, maana hapa ndipo panaponisisimua.

Paka wa shaba wa Misri, kwa mfano yule maarufu aliyeko London katika jumba la makumbusho la Uingereza, mwenye hereni za dhahabu masikioni na pete puani, ametengenezwa kwa kumimina. Umri wake ni miaka 2,600 hivi. Fundi hufinyanga paka kwa nta, anamfunika kwa udongo, anachoma. Nta inayeyuka na kutoka, ndani panabaki uwazi wenye sura ya paka, humo anamimina shaba ya moto. Ikipoa anavunja udongo. Nta ni laini, inakubali kila kitu: sharubu, makunyanzi ya sikio, mkia uliozungushwa miguuni. Ndiyo maana paka yule anakutazama kama yu hai. Na shaba hiyo ilihitaji bati, madini ambayo Wamisri walilazimika kuyapata mbali. Wachimbaji wangu wa Kyerwa mnacheka, najua. Bati mnalolitoa ardhini kwa sururu lingemfurahisha sana fundi yule wa paka.

Chuma ni mkaidi. Kwa tanuri za zamani za kwetu hakiyeyuki kikawa uji wa kumimina kwenye kalibu. Kinatoka tanurini kama bonge lenye matundu, limechanganyika na mavi ya chuma, na lazima lipigwe na kupigwa mpaka uchafu utoke. Baada ya hapo kila umbo linatoka kwa moto, nyundo, koleo na fuawe. Kufua jembe ni kazi moja, kwa kuwa jembe ni bapa. Kufua mkuki ni kazi nyingine. Lakini kufua ng'ombe! Unahitaji kuvuta miguu minne ilingane, la sivyo hasimami. Unahitaji kuzivuta pembe ziwe ndefu na nyembamba, zipinde kwa pamoja, hii isiizidi ile, na chuma kikipoa katikati ya kazi hakisikilizi tena, unarudi kwenye mivukuto. Kosa halifutiki kwa kidole kama kwenye nta. Ndiyo sababu duniani kote sanamu za wanyama za kuchonga na za kumimina ni nyingi kuliko za kufua. Wahunzi wa Karagwe walifua.

Turudi sasa kwa ng'ombe wa Stanley wasio na vichwa. Stanley aliwaona wa shaba. Katika vifaa vya enzi vya Karagwe wamo pia wa chuma, na wanaosoma habari za Afrika ya kale wanawajua zaidi hao wa chuma. Stanley aliandika kana kwamba kuna kitu kimepungua. Mimi nadhani hakujua anachokitazama. Mwulize mfugaji yeyote wa zamani wa Karagwe akuelezee ng'ombe wake. Ataanza na rangi ya ngozi, kisha pembe: zimekwenda juu, zimekwenda kando, zimefungua, zimekutana. Pua na macho hatavitaja kabisa. Ng'ombe wa jamii hii, ambao leo dunia inawaita wa Ankole, na Rwanda wanawaita inyambo, wana pembe ambazo jicho likishazifikia haliendi pengine. Mhunzi aliyemtengeneza ng'ombe akaacha kichwa na kubakiza pembe, hakusahau. Amechagua. Amekupa mgongo, miguu na pembe, akajua kwamba Mnyambo, mwenyeji wa Karagwe, akimwona atamtambua mara moja.

Wamisri nao walichagua, ila walichagua vingine. Walipenda sura, jicho, mkao. Mchongaji wao aliweza kukaa na paka mpaka akaujua uti wa mgongo wake. Watu wa Misri pia walikuwa na ng'ombe dume aliye hai, Apis, aliyetafutwa kwa alama maalumu za ngozi, akatunzwa hekaluni Memphis, na akifa anapakwa dawa kama mfalme na kuzikwa Saqqara katika majeneza ya jiwe yenye uzito wa makumi ya tani. Auguste Mariette aliingia kwenye mashimo hayo mwaka 1851. Majeneza hayo bado yapo, na ukitaka kujua nchi yenye watumishi wengi na mawe mengi inafanya nini kwa ajili ya ng'ombe mmoja, hapo ndipo pa kwenda. Sudan, katikati ya njia, huko Kerma, kwenye kaburi moja la miaka 4,000 hivi iliyopita, yaliwekwa mafuvu ya ng'ombe zaidi ya 4,000, yamepangwa mbele ya kaburi pembe kwa pembe. Kwa hiyo kumheshimu ng'ombe si uvumbuzi wa mtu mmoja aliyewagawia wengine. Kila nchi ya mto huu iliyofuga ilimheshimu kwa akili yake na kwa mali iliyokuwa nayo mkononi. Wa Kerma walitumia mafuvu, wa Memphis jiwe, wa Bweranyange chuma.

Na mabata? Hawa ndio wanaonifurahisha kuliko wote, na sijawahi kusikia mtu akiwazungumzia. Ng'ombe unamwelewa, ni mali na ni enzi. Lakini bata wa majini ana enzi gani? Hafugwi, halipiwi mahari, haimbwi kwenye majigambo. Hata hivyo fundi aliona vema amtengenezee bata mwili wa shaba ya manjano kisha ambandike mabawa ya shaba nyekundu, rangi mbili, ili bawa lionekane ni bawa. Huyo ni mtu aliyekaa kando ya ziwa akatazama ndege wakitua. Nchi yetu ina maziwa, Burigi na mengine madogo, na Bweranyange yenyewe ilimfurahisha Speke kwa ziwa lililo chini yake hata akalipa jina la ziwa la kwao Uingereza. Wamisri walichora mabata bukini kaburini Meidum zaidi ya miaka 4,500 iliyopita, na picha hiyo inachapishwa katika vitabu vya sanaa duniani kote. Mabata wa Rumanyika wana aya moja katika kitabu cha msafiri.

Sasa, walikuwa wa kazi gani hawa wanyama wa chuma na shaba? Hapa lazima tukumbuke ufalme wenyewe ulivyosimama. Rumanyika alimsimulia Speke alivyokipata kiti. Baba yao Ndagara alipofariki, ndugu waligombea. Ikaletwa ngoma ndogo ya enzi, ikawekwa chini, kila mmoja ajaribu kuinyanyua. Wenzake walishindwa, yeye akaiinua bila taabu. Ndivyo ilivyosimuliwa, na asiyeamini asiamini. Wanahistoria, akiwemo Israel Katoke aliyeandika historia ya ufalme wa Karagwe mwaka 1975, wanatuambia pia kwamba wafanyabiashara wa Kiarabu na Kihindi wa kituo cha biashara cha Kafuro na bunduki zao walikuwa na mkono katika ugomvi huo. Lakini hata bunduki zikishinda vita, ni ngoma inayompa mtu haki ya kutawala. Vitu vya enzi ndivyo vilivyokuwa ufalme wenyewe. Mfalme anakufa, ngoma inabaki, mikuki inabaki, fuawe na nyundo za enzi zinabaki, na ng'ombe wa chuma wanabaki.

Mhunzi ndiye anayetoa jembe la kulimia na mkuki wa kupigania. Mfalme anayeweka fuawe miongoni mwa vitu vyake vya enzi anawaambia watu kwamba yeye ndiye chanzo cha vyote viwili. Na akiweka ng'ombe aliyefuliwa kwa chuma, amevikutanisha hapo hapo utajiri wa mfugaji na ufundi wa mkulima na mhunzi. Katika nchi yenye wafugaji na wakulima wenye majivuno yao, hiyo haikuwa sanamu ya mchezo.

Mwishoni mwa karne ya 19 ng'ombe wa nyama na damu walikwisha. Sotoka iliingia Afrika Mashariki kutokea kaskazini, na karibu na mwaka 1891 ilipita Karagwe ikafagia mazizi. Ndui ikaifuata. Malisho yakageuka vichaka, mbung'o wakaingia, na nchi ambayo Speke na Stanley waliisifu kwa mifugo ikawa makazi ya wanyamapori. Mwaka 2019 serikali ilizitangaza sehemu zake kuwa hifadhi za taifa, Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Jina la Omukama sasa liko kwenye kibao cha hifadhi. Ni vizuri. Lakini mgeni anayesoma kibao kile, nani atamwambia Rumanyika alikuwa mfalme aliyekuwa na bata wa shaba?

Wenzetu wamefanya nini na wanyama wao? Afrika Kusini wana kifaru mdogo wa dhahabu wa Mapungubwe, karatasi nyembamba ya dhahabu iliyopigiliwa kwenye umbo la mti, amepatikana miaka ya 1930 kwenye makaburi ya wakuu wa karne ya 13. Ni mdogo wa kukaa kiganjani. Leo nishani ya juu ya nchi yao inaitwa Mapungubwe. Zimbabwe wana ndege wa jiwe waliokuwa kwenye kuta za Zimbabwe Kuu. Ndege huyo yuko kwenye bendera, kwenye sarafu, na kipande cha mmoja wao kilichokuwa Ujerumani kilirudi mwaka 2003. Sisi Tanzania ukisema vinyago, mtu anafikiri Mmakonde na mpingo wake, kazi nzuri kabisa, nami sina ugomvi nayo. Ila haiwezi kuwa peke yake.

Kwa hiyo nina maneno matatu ya kuomba, nami namaliza.

Kwa halmashauri zetu za Karagwe na Kyerwa, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012 na kwa hiyo zina urithi mmoja: wekeni chumba. Sisemi jumba. Chumba chenye kufuli nzuri, picha kubwa za vifaa vya enzi, maelezo kwa Kiswahili na Kinyambo, na nakala zilizofuliwa na mafundi wetu wenyewe. Shirikianeni na Makumbusho ya Taifa iandikwe orodha kamili ya kila kipande cha hazina ya Bweranyange na mahali kilipo leo, ndani ya nchi na nje.

Kwa walimu: siku ya kufundisha Misri, fundisheni na Bweranyange kipindi hicho hicho. Mwanafunzi achore paka na ng'ombe asiye na kichwa kwenye ukurasa mmoja.

Na kwa wewe mwenye shamba, hili ni la haraka kuliko yote. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita kila kijiji na mizani zao. Ukilima ukakuta chuma cha kale, kipande cha fuawe, mkuki, jembe la zamani, au kitu chenye miguu na pembe usichokielewa, waitu, usikiuze kwa kilo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu hivyo. Kiache kilipo, kipige picha, weka alama mahali ulipokikuta, halafu mwone afisa utamaduni wa wilaya yako.